Kuketi na Mwenye Mawazo

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

 

Sisi watu wa nchi hii tukikutana njiani husalimiana kwa maneno mengi. Twaulizana habari za nyumbani, habari za watoto, habari za shamba na za mifugo, na jibu ni moja tu: nzuri. Hata mtu aliyetoka kuzika jana atajibu nzuri. Kisha ataongeza kwa sauti ya chini, "ila tu..." Na hilo neno la chini ndilo habari yenyewe. Lakini mara nyingi yule aliyeuliza amekwisha kupita.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja linalosemwa sana kati yetu. Mtu husema, "Siku hizi nina mawazo." Hasemi kama ni mawazo mema au mabaya. Kusema "mawazo" kwatosha, nasi sote twaelewa. Mwenye mawazo ni yule ambaye usiku humkuta macho wazi. Karo ya shule haijalipwa, deni la dukani linakua, kijana hasikii, mwili unauma na dawa hazisaidii. Mambo hayo huyazungusha kichwani kama ng'ombe anayecheua. Tofauti ni hii, ng'ombe hupata lishe katika kucheua kwake, lakini mwenye mawazo hapati kitu. Asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala.

Je, mtu wa namna hiyo akija kwetu kanisani, twamfanyia nini?

Kosa letu wenyewe

Katika parishi moja tuliyoitumikia zamani palikuwa na Mkristo mmoja, mtu wa makamo, mwaminifu, ambaye hakukosa ibada. Jumapili moja alitungojea mlangoni mwa vestri. Alisema, "Pasta, siku hizi nina mawazo. Silali." Tulimshika mkono, tukamwambia, "Mzee wangu, mwachie Bwana. Tutakuombea." Wazee wa kanisa walikuwa wakitungoja, na hesabu ya mabati ilikuwa haijakwisha. Jumapili ya pili alikuja tena, tukamjibu maneno yale yale. Jumapili ya tatu hakuja, wala sisi hatukuona ya kwamba hakuja.

Baadaye mkewe alituambia ya kwamba siku zile mumewe alikuwa amekata shauri kujiua. Aliyemzuia si sisi. Bibi kizee mmoja, jirani yake, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama, alikwenda kwake kuazima ungo. Alimkuta ameketi nyuma ya nyumba peke yake, na chakula cha mchana kimepoa kando yake bila kuguswa. Bibi yule angeweza kuchukua ungo na kwenda zake. Badala yake alivuta kigoda akaketi, akamwuliza, "Mwanangu, kuna nini?" Kisha akanyamaza. Alikaa pale mpaka kuku wakaingia kulala, na yule mtu akasema yote: mkopo alioudhamini ukamwangukia, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na aibu ya kumficha mkewe mambo hayo kwa miezi saba. Bibi hakuwa na fedha za kulipa deni lile, na katika elimu ya Biblia hakutushinda. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa pia.

Sisi tulikuwa tumesoma chuo cha theolojia. Tulijua Kiyunani kidogo na historia ya Kanisa. Bibi yule alijua jambo moja ambalo hatukulijua, nalo ni kuketi.

Daktari wa Harare

Twawaeleza haya kwa sababu tumejifunza habari za daktari mmoja wa Zimbabwe ambaye naye alifundishwa na uchungu, tena uchungu mkuu kuliko wetu. Jina lake ni Dixon Chibanda, naye ni daktari wa magonjwa ya akili. Wakati alipoanza kazi tunayoieleza, nchi yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12, na madaktari wa namna yake walikuwa kama 12 tu. Gawanyeni wenyewe, mtaona ya kwamba ni daktari mmoja kwa watu milioni moja.

Mwaka 2005 daktari huyu alikuwa akimtibu mwanamke kijana aliyeishi mbali na Harare, ambaye alikuwa amekwisha kujaribu kujiua mara moja. Daktari aliomba mgonjwa aletwe mjini ili amwone tena. Hakuja. Baada ya majuma machache mama yake alipiga simu kusema ya kwamba binti amekufa. Daktari aliuliza kwa nini hawakufika hospitalini kama walivyopatana. Mama alijibu ya kwamba hawakuwa na nauli ya basi. Ilikuwa dola 15.

Ndugu wapendwa, fikirini jibu hilo lilivyomchoma daktari yule. Elimu yake yote ya miaka mingi ilikuwa imekaa ndani ya hospitali, ikingojea watu wenye nauli.

Mwaka huo huo wa 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda vingi katika miji. Umoja wa Mataifa ulikadiria ya kwamba watu wapata 700,000 walipoteza makao au riziki yao, au vyote viwili. Daktari alitaka kuanzisha msaada kwa watu wenye huzuni katika Mbare, mtaa wa Harare wenye watu wengi. Alipoomba chumba katika zahanati, hapakuwa na nafasi. Alipoomba wauguzi, wote walikuwa na kazi tele. Walioweza kupatikana ni mabibi 14, waliokuwa wakifanya kazi ya afya katika mtaa ule. Na mahali palipopatikana ni nje, chini ya mti. Basi mwaka 2006 alianza na alivyopewa: mabibi 14, na benchi la mbao.

Mwanzoni benchi lile lilipewa jina lililotaja afya ya akili, na watu wakalikwepa. Nani ataketi mahali ambapo jirani akipita atasema, tazama, kumbe fulani ana wazimu? Mabibi ndio waliomwambia daktari abadili jina. Wakaliita kwa Kishona Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mashauri. Watu wakaja. Hapo twaona jambo la kwanza la kujifunza: msomi alikubali kufundishwa na wazee wa mtaa.

Mabibi wanavyofanya

Katika Kishona kuna neno kufungisisa, maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Ndilo neno letu la "mawazo" hasa. Mtu akifika zahanati huulizwa maswali 14 yaliyotungwa kwa lugha ya watu wenyewe: kama juma lililopita amefikiri kupita kiasi, kama amekosa usingizi, kama amelia au kutaka kulia, kama kazi zake zimemshinda, kama imemjia fikira ya kujiua. Akionekana amelemewa, hupelekwa kwenye benchi, na hapo hukutana na bibi.

Kazi ya bibi ina sehemu tatu. Ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Bibi huuliza, kisha husikiliza. Hamkatizi mtu. Hamwambii ya kwamba wengine wana shida kuliko yeye. Wahenga wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi hapa maradhi hufunuliwa mbele ya mtu mmoja anayeaminika.

Ya pili huitwa kusimudzira, maana yake kuinua. Shida zote zilizotajwa hupangwa moja moja, na mtu mwenyewe huchagua moja ya kuanzia. Hebu tutoe mfano wetu. Mama fulani ana mambo matano: deni la duka, mume mlevi, mtoto mgonjwa, paa linalovuja, na ugomvi na wifi yake. Yote matano yamefungamana kichwani mwake kama uzi uliochezewa na paka, na kila akivuta upande mmoja fundo linakaza. Bibi hamchagulii. Humwuliza, "Katika haya, ni lipi ukilipunguza utaweza kupumua?" Mama asema, "Deni, maana siwezi kupita mbele ya duka." Kisha bibi amwuliza, "Juma hili waweza kufanya nini juu ya deni hilo?" Hamwulizi atalipaje lote. Labda mama ataamua kwenda kwa mwenye duka, amwambie wazi, na kupatana naye kulipa kidogo kidogo kila juma kwa mayai anayouza.

Ya tatu huitwa kusimbisa. Kwa Kishona neno simba maana yake ni nguvu, basi kusimbisa ni kutia nguvu. Mama hurudi kwenye benchi na kueleza yaliyotokea. Kama mwenye duka alikubali, wanafurahi pamoja. Kama alikataa, wanatafuta njia nyingine bila lawama. Mikutano hii huwa kama sita hivi. Baadaye mtu hualikwa katika kikundi cha wale waliokwisha kupita katika benchi. Kikundi huitwa Kubatana Tose, maana yake kushikana pamoja, na humo watu hufuma mikoba ya kuuza huku wakizungumza.

Kwa nini jambo dogo kama hili lina nguvu? Mtu aliyelemewa na huzuni hushindwa kuanza. Kwa kuwa hakuanza, shida huongezeka. Kwa kuwa shida zimeongezeka, hujiona hafai kitu, na kwa kujiona hafai kitu huzidi kushindwa kuanza. Ni gurudumu linalomzungusha. Hatua moja aliyoichagua mwenyewe, na akaweza kuitimiza, hulisimamisha gurudumu hilo. Deni bado lipo na paa bado linavuja, ila yule mama ameona ya kwamba mkono wake ungali waweza kutenda.

Labda mtauliza kama haya yamepimwa, au ni hadithi nzuri tu. Yamepimwa. Watu 573 wenye shida za namna hii katika zahanati 24 za Harare walifuatwa, wengine wakipewa mabibi wa benchi, wengine wakipata huduma ya kawaida ya zahanati pamoja na mafundisho ya ziada. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Baada ya miezi sita, kati ya wale wa huduma ya kawaida, karibu nusu yao walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni. Kati ya wale walioketi na mabibi, waliobaki na dalili hizo walikuwa kama 14 tu katika kila 100. Tangu hapo benchi hili limeigwa mahali pengine, kama vile Malawi, Zanzibar, na hata New York.

Eliya chini ya mti

Sasa tugeukie somo letu. Eliya ametoka mlima Karmeli, ambako ameona ushindi mkubwa. Lakini neno moja la kitisho kutoka kwa malkia Yezebeli linamwangusha. Anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, na kuingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Angalieni ya kwamba kabla ya kuomba kufa, kwanza alijitenga na mtu wa mwisho aliyekuwa naye. Kisha aliketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Huyu ni nabii, ndugu zangu. Si mtu asiyeomba. Si mtu wa imani haba. Basi tusithubutu tena kumwambia Mkristo mwenye huzuni ya kwamba angekuwa na imani asingalikuwa hivyo. Kama ni hivyo, twamhukumu Eliya.

Na Mungu alimfanyia nini? Hakumtumia mahubiri. Alimwacha alale. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliokwisha kuokwa na maji ya kunywa. Alikula, akalala tena, na malaika hakumkemea kwa kulala mara ya pili. Alimgusa tena, akampa tena, akakiri ya kwamba safari ni ngumu kwa nguvu alizo nazo. Mwili wa nabii ulihudumiwa kwanza.

Alipofika Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini mahali pale. Je, Mungu hakujua? Alijua. Lakini alimpa nafasi aseme. Eliya akaeleza uchungu wake wote. Baada ya upepo na tetemeko na moto ikaja sauti ndogo ya utulivu, na Mungu akamwuliza swali lile lile mara ya pili. Naye Eliya akajibu maneno yale yale, karibu neno kwa neno. Wote waliopata kuketi na mwenye mawazo wanajua ya kwamba ndivyo alivyo. Atarudia. Sisi wachungaji mara nyingi twachoka kusikia jambo mara ya pili. Mungu hakuchoka.

Ndipo Mungu akampa kazi anayoiweza, hatua kwa hatua: rudi kwa njia hii, umtie mafuta huyu, na huyu, na huyu. Akampa pia mwenzake, Elisha, aliyemfuata na kumtumikia. Na mwishowe akamsahihisha hesabu. Eliya alisema amebaki peke yake. Mungu alimwambia ya kwamba wako 7,000. Lakini mwangalie wakati aliposema hivyo. Alisema mwishoni, baada ya usingizi, mkate, maji, na kusikilizwa mara mbili. Sisi hupenda kuanza na hesabu. Twamwambia mwenye huzuni, "Hesabu baraka zako, wengi wamekuzidi kwa shida," na yeye hata maji hajanywa.

Hatusemi ya kwamba daktari wa Harare aliiga kitabu cha Wafalme. Twasema ya kwamba aliyemwumba mwanadamu anajua jinsi mwanadamu anavyoinuliwa, na yeyote aangaliaye kwa makini, awe nabii au daktari au bibi aliyekuja kuazima ungo, atakuta njia ile ile.

Mpaka ulipo

Hapa lazima tuseme wazi, mtu asije akatuelewa vibaya. Benchi si badala ya hospitali. Mabibi wa Harare wenyewe wamefundishwa ya kwamba mtu akisema anataka kufa, wasibaki naye peke yao. Humpeleka kwa waliowazidi ujuzi. Basi nasi tufanye vivyo hivyo. Mtu akizungumza juu ya kujiua, akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mama aliyejifungua akiwa hawezi hata kumtazama mtoto wake, tusimwache peke yake, na tumpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Wala tusiogope kumwuliza mtu kama amefikiri kujiua. Kuuliza kwa upole hakumtii fikira hiyo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kuibeba kwa siri.

Na dawa zikiandikwa, tusizipige vita. Mkristo mwenye kisukari hunywa dawa yake kisha huja kuomba, wala hakuna amwambiaye ametenda dhambi. Akili nayo ni kiungo cha mwili huu huu aliotupa Mungu.

Tukiri pia ya kwamba sisi wenyewe tumewatisha watu wasiseme. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, na wengi wamepata nafuu huko, lakini sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi la watoto wakigombana. Sheria nayo kwa miaka mingi ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na aliyepona aliweza kufungwa gerezani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua ya kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, kinapingana na Katiba. Na sisi Waanglikana tusijione safi. Kitabu chetu cha Sala cha 1662 kiliagiza ya kwamba ibada ya maziko isisomwe juu ya aliyejiua. Wengi wetu twakumbuka maziko yaliyofanywa kwa haraka, nje ya ua, mchungaji hayupo, na mjane amesimama bila mtu wa kumshika mkono. Tumwombe Mungu atusamehe.

Tufanye nini?

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kichwani pake wauona mwepesi. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Wagalatia, atuagiza tuchukuliane mizigo, na hakuna awezaye kujua uzito wa mzigo asipoushika.

Basi twapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji harambee. Kila kanisa lina benchi, na makanisa mengi yana mti. Wachagulieni wazee wawili au watatu, akina mama na akina baba, watu wanaojulikana kwa kutunza siri. Hili la siri ni kubwa kuliko yote. Mwenye ulimi mwepesi asichaguliwe hata akiwa anaomba vizuri namna gani. Mwalikeni mwuguzi wa dispensari ya karibu awafundishe dalili za hatari na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Kisha wakae hapo baada ya ibada, na kila mtu ajue ya kwamba wapo.

Na wewe uliye peke yako nyumbani, unayetusikiliza huku kichwa kimejaa, usingoje benchi. Leo mtafute mtu mmoja, umwambie neno lile la chini ambalo huwa walificha baada ya "nzuri". Kula, hata kama ni kidogo. Lala ukiweza. Chagua jambo moja, si yote. Wala usidhani ya kwamba Mungu amekuacha kwa sababu huwezi kuomba kwa maneno marefu. Eliya aliomba maneno mabaya kabisa, aliomba afe, na bado aliletewa mkate.

Yule Mkristo tuliyewaeleza yungali hai. Deni lile alilimaliza kwa miaka minne. Siku ya maziko ya bibi yule jirani, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na walipofika kaburini hakutaka kumwachia mtu mwingine nafasi yake. Baada ya maziko alitujia. Tulikuwa na mkutano tena, kama kawaida ya wachungaji. Safari hii tuliwatuma watu wauahirishe, tukaketi naye kwenye majani, tukamwuliza, "Mzee wetu, u hali gani?" Akajibu, "Nzuri." Tukangoja. Ndipo akaanza kusema.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani na kumsikiliza mara mbili, utupe masikio ya kusikia neno la chini. Uwatie nguvu wenye mawazo usiku huu. Uwafariji waliofiwa na wapendwa wao kwa njia hii ya uchungu, na utusamehe sisi tuliopita haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika kanisa letu, mtu mwenye mawazo huenda kwa nani? Kwa nini haendi kwa wengine?
2. Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kumwambia habari za wale 7,000? Sisi huanza na lipi?
3. Ni nani kati yetu ambaye hatujamwona kwa Jumapili tatu? Nani atakwenda kuketi naye juma hili?